Swichi Yenye Rangi ya Kucha

Jioni hii binti yangu amekaa kwenye meza tunayolia chakula akajipaka rangi ya kucha, nyekundu, nami nimemfokea kupita kosa lenyewe. Ameniangalia kama mtu aliyepigwa kofi bila sababu, akafunga kichupa chake, akatoka nje. Harufu imebaki, ile harufu kali inayopanda puani na kukaa nyuma ya macho. Mtu mwingine ikimfikia hukumbuka saluni au harusi ya dada yake. Mimi hukumbuka gemu iliyokataa kuwaka, na hasira hunipanda upya kana kwamba mambo yenyewe yalitokea juzi.

Tulikaa Kianda, upande wa Kibera unaokaribiana na mtaa wa Olympic, kwenye ploti ya vyumba vinane vya mabati na udongo. Baba yangu alikuwa fundi wa redio. Alitoka Kitui akiwa kijana, na kibanda chake hapo Kianda kilikuwa kimejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Watu walimwita Fundi Mutua, na mimi, Mwende, nikaitwa mtoto wa Fundi, jina nililolipenda kuliko langu. Mteja akileta redio yake na kuuliza, "Fundi, hii si imekufa?" baba alikuwa na jibu moja tu: "Haijakufa. Imelala." Nilimsikia akisema hivyo hata kwa redio iliyotumbukia ndani ya sufuria ya githeri.

Alinifundisha mambo mawili, na niliyashika kuliko katekisimu. La kwanza, kitu kisipowaka usikimbilie kukilaumu, fuata stima, yaani umeme, kuanzia inakotoka: angalia betri, halafu springi, halafu swichi, halafu nyaya, na bodi iwe ya mwisho kabisa. La pili, kitu cha mteja hakichunwi. Kuchuna ni kutoa kipuri kwenye kitu cha mtu mmoja ili uponye cha mwingine. Mafundi wengi waliishi kwa kuchuna na hawakuona haya. Baba alisema fundi anayechuna ni mwizi aliyejinunulia bisibisi. Mimi nilitembea kifua mbele nikijua wa kwetu si mwizi.

Mlango uliofuatana na wetu ulikuwa wa kina Achieng'. Yeye na mimi tulikuwa darasa moja, na ukuta kati ya vitanda vyetu ulikuwa mwembamba hivi kwamba tuliagana usiku kwa kuugonga. Mama yake alikuwa akifulia watu nguo Lavington. Siku moja Desemba, shule zikiwa zimefungwa, alirudi na mfuko wa nguo kuukuu alizopewa na mwajiri wake. Ndani ya mfuko kulikuwa na kichupa cha rangi ya kucha kilichobaki robo, na gemu ya kushika mikononi ambayo mtoto wa huko alikuwa ameichoka. Mimi sikuweza kuelewa mtu anachokaje kitu kama kile.

Ilikuwa ya kijivu, nzito kidogo, na kioo chake kilikuwa na rangi ya kijani hafifu kama maji ya ndengu. Ukiiwasha ililia wimbo mfupi wa sauti nne, wa mwisho ukipanda juu, halafu kigari kidogo kikaanza kukimbia kikikwepa mawe. Swichi yake ilikuwa ubavuni, ya kusukuma, nayo ilikuwa ya kijivu juu ya kijivu. Mara nyingi tulidhani tumeizima kumbe tumeiacha ikila betri. Kwa hiyo Achieng' alichovya njiti ya kiberiti kwenye rangi ya kucha akaipaka ile swichi ikawa nyekundu, ili tuone imelala upande gani. Iliyobaki tulijipaka kwenye vidole. Tukakubaliana leo kwake, kesho kwangu, na sikumbuki hata siku moja tuliyogombania zamu.

Shida ilikuwa betri. Nyinyi mliokua wakati ule mnajua tulivyofanya: betri ikichoka unaiuma kwa meno mpaka ibonyee, halafu unaianika juu ya mabati ipigwe na jua. Ikishuka hapo ina nguvu za kukusukuma nusu saa nyingine. Tuliziuma na kuzianika zile betri mbili ndogo mpaka zikawa na alama za meno yetu sote wawili. Kuna asubuhi niliziteremsha zikiwa na majimaji kwenye ncha. Nilidhani ni umande, nikayafuta kwa sketi, nikazitia ndani.

Halafu kura za urais zikapigwa. Matokeo yalikuwa bado, na watu wazima walikuwa wamebanana kwenye redio, Achieng' aliponiletea gemu kwa kuwa ilikuwa zamu yangu. Nilisukuma swichi. Kimya. Nikairudisha, nikasukuma tena, nikaipiga kiganjani. Kioo kilibaki vilevile.

"Jana ilikuwa inacheza," Achieng' akasema.

"Sijaifanyia kitu! Umeona, ndio nimeishika tu."

"Najua. Kwani nimesema ni wewe? Si baba yako ni fundi? Mpe aangalie."

Akaiacha kwangu. Nilikuwa na miaka kumi, na jambo moja tu lilinitia hofu: kwamba ilikuwa imenifia mkononi, kwenye zamu yangu, na kitu hicho hakikuwa changu. Nilitaka nimrudishie Achieng' gemu yake ikiimba zile sauti nne. Sikutaka kitu kingine chochote.

Matokeo yakatangazwa, watu wakayapinga, na moshi wa nyumba zilizochomwa ukaanza. Mliokuwepo hamhitaji kuelezwa, na ambao hamkuwepo sitawamalizia leo. Kibanda cha baba kilifungwa, unga ukaadimika, hata kadi ya simu ikawa kitu cha kubembelezana. Sisi Wakamba tulikaa ndani tukidhani vita hivyo si vyetu. Kisha mkubwa wa chama kilichosemekana ni chetu akakubali kiti kwenye serikali ile iliyokuwa ikipingwa mtaani, na kwa siku moja tukageuka wasaliti. Mama alikuwa hajapata hata nafasi ya kumpigia kura mtu yeyote, maana alikuwa amelala na malaria. Lakini mtu alipita nje ya mlango wetu akasema kwa sauti, "Kikulacho ki nguoni mwako," na wenzake wakacheka.

Aliyetuokoa alikuwa Mama Achieng'. Aliingia mchana bila kubisha, akafunga mlango nyuma yake.

"Baba Mwende, nimewasikia wakitaja mlango wenu," alisema. "Tokeni saa hii, watu wakiwa bado kwa foleni ya unga. Jioni itakuwa mmechelewa."

Alijitwika godoro letu mwenyewe mpaka barabarani, ili atakayeona adhani ni yeye anayehama. Achieng' alinishika mkono njia yote. Nilipotaka kumrudishia gemu alinisukumia kifuani.

"Kaa nayo. Baba yako akiitengeneza utaniletea."

Tuliingia Ngong Road, tukashika Naivasha Road, tukafika Kawangware miguu ikiwa imevimba. Siku mbili tulilala kanisani. Siku ya tatu mtu mmoja wa kanisa alitupeleka kwenye ploti upande wa Riruta, ya mzee aliyeitwa Baba Njoki, ambaye alizaliwa kwenye shamba hilohilo kabla halijawa vyumba vya kukodisha. Alitutazama tukiwa na godoro na sufuria, na kabla hatujasalimia akakataa.

"Watu wa kutoka Kibera sitaki. Nitaletewa shida."

"Mimi ni fundi wa redio," baba akasema.

"Fundi? Mafundi ni wengi." Lakini aliingia ndani akatoka na redio kubwa ya betri sita, ya mbao ubavuni. Swichi yake ilikuwa imekatika, nyaya mbili zikining'inia hapo ilipokuwa. "Kama wewe ni fundi kweli, hii iongee leo. Ikiongea, ule mlango wa mwisho ni wako. Na usiniunganishie nyaya kama yule fundi mwingine. Nataka kuwasha na kuzima kama watu."

Baba akasema sawa. Nilimjua, nikaona shavu lake likicheza. Maduka ya vipuri mjini yalikuwa yamefungwa, na sanduku lake alilobeba kutoka Kianda halikuwa na swichi hata moja. Mama alikuwa ameketi juu ya godoro akitetemeka kwa homa, na mawingu yalikuwa yakikusanyika. Akaomba jiko, akatia chuma chake cha kulehemia kwenye makaa, akakaa kwenye kreti.

"Lete ile yako kwanza, mama," aliniambia. "Mkono upate moto."

Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo tena. Nilichuchumaa karibu naye, akafungua skrubu moja moja na kuniwekea kiganjani nimshikie. "Fuata stima," akasema, nami nikataja: betri, springi, swichi, nyaya, bodi. Alizijaribu betri kwa mita yake, akasema zina nguvu kidogo, si nyingi, lakini za kutosha. Kisha akanionyesha springi. Zilikuwa zimeota ukungu wa kijani.

"Mliianika betri juani?"

"Ndiyo."

"Zikatoa maji?"

"Ni umande."

Alicheka, kicheko cha kwanza tangu tutoke Kianda. "Umande! Hiyo ni asidi, mama. Imekula springi, stima haipiti. Unaona? Haijakufa. Imelala." Akachukua wembe, akaanza kukwangua ule ukijani taratibu. "Nenda umwombe yule mama kipande cha limau tuzisafishe."

Nilikimbia. Mama Njoki, mke wa mwenye ploti, hakuwa na haraka. Aliniuliza jina, na nikiwa namjibu nikasikia, kutoka nyuma ya ukuta, zile sauti nne, ya mwisho ikipanda juu. Nilitaka kurudi mbio, lakini aliniuliza tumekula nini, akatafuta limau kwenye kapu mpaka chini, akaenda kutafuta kisu, akalikata.

Nilipopiga kona kurudi, baba alikuwa ameishika gemu ikiwa imefungwa, anaizungushia selotepu nyeusi ya umeme. Alizungusha mara nyingi, ubavu kwa ubavu, mpaka kijivu chote kikapotea.

"Nimeisikia!"

"Umesikia nini?"

"Ikilia. Imewaka!"

"Ni simu ya mtu," alisema. Hakuinua macho. "Hii imekufa."

Sikuwahi kusikia neno hilo likitoka kinywani mwake. Nilisimama na limau langu mkononi, juisi ikinichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nilimwambia kwamba Achieng' atasema ni mimi niliyeiua. Baba alikata selotepu kwa meno.

"Haikufia kwako. Bodi imeungua siku nyingi. Walikupa mzoga, Mwende, ili baadaye waseme ni wewe."

"Achieng' hawezi kufanya hivyo."

"Kwani huoni siku hizi watu wako aje?"

Na kweli nilikuwa nimeona. Nilikuwa nimeona jirani akionyesha jirani kwa kidole. Nilikuwa nimesikia watu wazima wakisema, kanisani na njiani, kwamba hata aliyekula sahani moja na wewe hakuaminika. Uongo wa baba haukuhitaji ufundi wowote, kwa sababu mahali pake palikuwa pameshachimbwa ndani yangu. Nilikaa na jambo hilo siku nzima nikiligeuza, na kufika jioni nilikuwa naliamini. Nilikumbuka alivyonisukumia gemu kifuani kule barabarani, nikaona sasa kwa nini hakutaka kuichukua. Godoro juu ya kichwa cha mama yake sikulikumbuka hata kidogo.

Redio ya Baba Njoki iliongea siku hiyohiyo kabla mvua haijanyesha. Tukapewa ule mlango wa mwisho. Mama alilala pakavu, akapona. Kila jioni ploti nzima ilikusanyika uani kusikiliza habari za mazungumzo ya viongozi, na Baba Njoki akawa anamwita baba yangu "Fundi wangu." Nilikwangua rangi ya kucha iliyobaki kwenye vidole vyangu kwa wembe uleule wa kazi, hata nikajikata.

Wiki kadhaa baadaye, barabara zilipoanza kupitika, Achieng' na mama yake wakaja. Mama Achieng' alikuwa amerudi kwenye kazi yake ya kufua, na siku hiyo alizunguka njia yote hiyo kwa miguu, akituulizia kanisa kwa kanisa, ili aone kama tuko hai. Kuingia Kawangware wakiwa wao, na majina yao ya watu wa ziwa, ilikuwa kujitia mashakani, na walijua. Walisimama langoni. Watu wa ploti waliacha walichokuwa wakifanya, mmoja akauliza, "Hawa ni wa wapi?" Baba alikuwa ameenda kutafuta kazi. Mama alitoka mbio akamkumbatia Mama Achieng', wote wawili wakalia.

Achieng' alikuwa amekonda. Aliniletea daftari langu la hesabu nililosahau chini ya kitanda.

"Sasa, Mwende."

"Poa."

"Ilitengenezeka?"

Niliingia ndani nikaitoa ile gemu nyeusi, nikampa bila kumtazama usoni. Aliigeuza. Kucha yake ilianza kubandua selotepu ubavuni, pale pale swichi ilipokuwa, nami nikasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu uani:

"Wacha kujifanya. Nyinyi mlinipea ikiwa imekufa. Mlijua."

Sikuwahi kumwambia "nyinyi" maishani mwangu. Mtu mmoja nyuma yangu alicheka, mwingine akasema, "Mtoto amesema ukweli." Mama Achieng' alimshika binti yake bega, akaangalia lango, akapima umbali wake. Mama yangu aliniita jina langu kama anayeita mtu aliyeingia barabarani mbele ya gari.

Achieng' aliacha kubandua. Aliishika gemu kwa mikono miwili.

"Mwambie baba yako asante kwa kujaribu," akasema.

Wakaondoka haraka. Mama hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Siku mbili baadaye Mama Njoki alikuwa akimenya viazi na mikono yake imejaa udongo. "Mwende, niwashie redio, habari imefika," akasema. Redio ilikaa juu ya dirisha, na kila siku ni yeye au mumewe aliyeiwasha. Nilipanda juu ya kreti, nikatafuta swichi kwa kidole ubavuni. Ilikuwa ndogo kwa redio kubwa hivyo. Ilikuwa ya kijivu, imekwanguliwa, lakini kwenye mifereji yake midogo, mahali wembe usipofika, kulikuwa na nyekundu.

Niliisukuma. Redio ikaongea. Nikairudisha, ikanyamaza. Nikaisukuma tena.

"Unachezea nini? Wacha tusikie!" Mama Njoki akasema.

Nilifuata stima. Nilifanya kama nilivyofundishwa, nimesimama juu ya kreti na mtangazaji akinisemea sikioni. Betri zilikuwa na nguvu. Springi zilikwanguliwa. Gemu iliwaka, ikalia, niliisikia kwa masikio yangu, na haikuwa simu ya mtu. Baadaye ndipo ikafa, na haikufa kwa sababu bodi iliungua. Kilichokuwa kinakosekana nilikuwa nimekishika.

Nilimkuta baba nyuma ya ploti akiosha uso kwenye karai.

"Ulichuna," nikamwambia.

Alijifuta uso kwa shati lake, taratibu mno.

"Ulichuna gemu ya Achieng'. Swichi iko kwa redio. Iko na rangi."

"Punguza sauti."

"Ulisema fundi anayechuna ni—"

"Mwende." Alichutama tukawa macho kwa macho. "Unalala wapi?"

"Hapa."

"Mama yako analala wapi?"

"Hapa."

"Basi," akasema. Akamwaga maji ya karai, akaenda zake.

Hapo ndipo nilipomchukia. Natumia neno hilo kwa makusudi, sijapata jepesi linalotosha. Swichi ningemsamehe. Hata nilipokuwa mdogo nilielewa kwamba mama alikuwa na homa na mvua ilikuwa inakuja, na mtu aliyebanwa hivyo hushika kilicho karibu. Nisichoweza kumsamehe ni kitu nilichokigundua usiku huo nikiwa nimelala kwenye chumba kile kikavu. Gemu haikuhitaji swichi. Nyaya mbili tu, ukizisokota pamoja inawaka, ukizitenganisha inazima. Ilikuwa ni kazi ya dakika tano, na chuma chake kilikuwa tayari kwenye makaa. Angemrudishia Achieng' gemu inayocheza. Lakini gemu inayocheza bila swichi ingeuliza swichi iko wapi. Akaona ni heri ife, na lawama aipeleke kwa mtoto wa mwanamke aliyetubebea godoro. Yule jamaa aliyepita mlangoni kwetu Kianda na methali yake hakukosea nyumba, alikosea anayeliwa tu. Kilichonila mimi nilikuwa nakiita baba.

Hatukurudi kuishi Kianda. Mambo yalipotulia nilitumwa shuleni kwetu kuchukua barua ya uhamisho, mama akanisubiri langoni. Ilikuwa saa ya mapumziko. Achieng' alikuwa ameketi kwenye ngazi za darasa letu, wasichana wadogo wamemzunguka, na kabla sijamwona vizuri nilizisikia zile sauti nne. Ubavuni mwa gemu, kwenye tundu la swichi, zilitokeza nyaya mbili nyembamba, moja ya bluu na moja nyeupe, zimesokotwa kama kamba ya kiatu.

Aliniona. Aliwaambia wale wadogo waende, akazitenganisha nyaya, kioo kikazima.

"Fundi wa huku chini aliiangalia," akasema. "Akasema haikuwa imeungua. Akasema swichi ilitolewa na mtu anajua kazi. Alikata vizuri."

Nilitazama lile tundu la swichi.

"Ni nani alitoa?" akauliza.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa siku hiyo. Kila usiku nilikuwa nimemweleza kila kitu, nikigonga ukuta ambao haukuwa na mtu upande wa pili. Lakini nilipofungua mdomo niliwaona watu wa Kianda waliokuwa wakimletea baba redio zao kwa sababu tu hakuchuna. Nikamwona mama akinisubiri langoni. Na nikajiona mimi, mtoto wa Fundi, maana sikuwa na jina jingine la kujivunia.

"Ni mimi," nikasema.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Si ungeniomba tu," akasema. "Ningekupea."

Kengele ikalia. Aliingia darasani na gemu yake, nami nikaenda kuchukua barua. Mwaka uliofuata niliambiwa wamehamia kwao, upande wa ziwa, na tangu hapo sijui aliko.

Baba yu hai. Macho yake yamechoka, hashiki tena chuma, lakini akili yake ni timamu kabisa. Jumapili iliyopita alikuja kula kwangu, akamwona binti yangu na kucha zake nyekundu, akatabasamu.

"Nimemkumbuka yule rafiki yako wa Kianda," alisema. "Achieng'. Mlipendana sana nyinyi. Mlikosania nini?"

Nilimtazama machoni nikitafuta kama anajua anachouliza. Hakujua. Alikuwa amesahau kabisa. Nikamwongezea mchuzi, nikamwambia sikumbuki.